Mtungi wa Tatu

Ukitaka kujua kama safari fulani itapanda Kilimanjaro bila mtu kuwasha kuni, usihangaike kusoma bango la marufuku. Simama karibu na mizani ya getini uhesabu mitungi ya gesi.

Mimi ni mpishi wa mlimani. Nilianza mwaka 2004 nikiwa mgumu, jina wanaloitwa wabeba mizigo wa mlima huu, na hilo jina halikuja kwa bahati mbaya. Mgumu anapimiwa mzigo getini, mwisho kilo 20. Mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6, ukijumlisha na chuma chake unapita kilo 12. Kwa hiyo mtungi mmoja wa nyongeza unakula zaidi ya nusu ya mgumu mmoja, na mgumu analipwa kwa siku. Hapo ndipo mwenye safari anapokuna kichwa na kuniambia, "Mpishi, miwili inatosha. Si mtajibana?"

Kujibana kwenyewe kuna mpangilio wake. Wageni hawajibani. Maji yao ya kunywa lazima yachemke, supu yao lazima ifike mezani inatoa moshi, na beseni la maji ya uvuguvugu la kunawa asubuhi haliguswi. Gesi ikipungua, wa kwanza kula kiporo ni mgumu. Na mtu aliyebeba kilo 20 kwenye ukungu tangu saa mbili asubuhi, soksi zimelowa, akipumzika karibu na vijiti vikavu na ana kiberiti mfukoni, sihitaji kukusimulia kinachofuata. Nakijua kwa sababu niliwahi kukifanya.

Ilikuwa Septemba 2006, njia ya Marangu. Tulikuwa tumelala Mandara, kambi ya kwanza, tunapanda kwenda Horombo, kambi ya pili. Mpishi wa safari ile na jiko lake walishatangulia. Sisi watatu tulibaki nyuma, tukaketi nyuma ya jiwe kubwa pale msitu unapoisha na miti ya erika, ile mifupi yenye majani madogo, inapoanza kutawala. Tulikuwa na ugali wa asubuhi uliofungwa kwenye mfuko, umeganda mpaka unaweza kumpigia mtu. Nikavunja vijiti vya erika, nikakoka moto mdogo usiozidi upana wa sufuria. Tulibanika ugali, tukapasha vidole, tukacheka. Dakika ishirini, labda. Kisha nikaukanyaga moto kwa buti, nikamwagia maji yaliyobaki kwenye chupa yangu, nikasukumia udongo juu. Ukiniuliza siku ile, ningekuapia kwamba nimeuzima.

Usiku ule, Horombo, mgeni mmoja mwinuko ukamshinda. Kichwa kinampasuka, anatapika. Kesho yake nikaambiwa nishuke naye pamoja na mwongozaji msaidizi, mimi nikibeba begi lake. Tulipofika usawa wa lile jiwe, mwongozaji akanusa. "Nani anachoma huku?"

Nilipotazama pale tulipokoka, palikuwa pametulia kabisa, majivu ya kijivu, hata joto hulihisi. Moshi ulikuwa unatoka hatua mbili pembeni, chini ya kichaka, kwenye ardhi tupu. Hakuna mwali. Moshi tu, mwembamba, unatoka ardhini kama pumzi ya mtu aliyelala.

Hilo ndilo jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenieleza. Udongo wa ukanda ule ni mizizi iliyolala juu ya mizizi, majani na kuvu vilivyooza nusu miaka na miaka, laini kama godoro. Ukikauka mwezi wa tisa au wa kumi, moto unaingia ndani yake na kutembea taratibu huko chini, hauna haraka, unatafuta mzizi wa kupandia. Maji yangu ya chupa yalilowesha juu. Udongo niliousukumia uliufunika tu moto usipigwe na upepo, ukapata usingizi mzuri. Na erika wenyewe ni mti wa hatari: unauona kijani, umefunikwa na ndevu zile za kuvu zinazoning'inia, umelowa ukungu, unadhani hauwezi kushika moto. Subiri jua la siku tatu na upepo. Majani yake madogo yana mafuta, yanawaka na kulia kama kitu kilichomwagiwa mafuta ya taa.

Tulichimba. Hatukuwa na jembe wala panga. Mwongozaji alitumia mfuniko wa sufuria, mimi kijiko cha kupakulia na mikono. Mgeni wa watu alikaa juu ya jiwe, kichwa amekishika kwa mikono miwili, anatutazama tunafukua ardhi kama mchwa. Kila tulipofukua tulikuta kaa jekundu linalofuata mzizi, tukilikata hapa tunalikuta pale. Mwongozaji akaniachia pale, akamteremsha mgeni Mandara, akarudi na askari wa hifadhi na madumu mawili ya maji.

Askari yule alikuwa mtu mzima, si wa maneno mengi. Nilitegemea makofi. Aliniuliza swali moja: "Jana uliweka mkono?"

"Mkono wapi, mzee?"

"Kwenye majivu. Kabla hujaondoka, uliweka mkono?"

Nikanyamaza. Akachuchumaa, akamwaga maji kidogo, akakoroga kwa fimbo mpaka pakawa uji mweusi, akamwaga tena, akakoroga tena. Kisha akanishika kifundo cha mkono akaukandamiza kiganja changu ndani ya ule uji. Palikuwa baridi. Akanihamisha shubiri mbili pembeni. Pale palinichoma. "Huyu bado yuko hai," akasema, akiuita moto kama mtu. Tulifanya hivyo mpaka jioni, shubiri kwa shubiri, tukichimba hadi tukakuta udongo usio na mizizi. Baada ya hapo akatoa daftari akaandika jina langu.

Sikushtakiwa, nashukuru, maana kuwasha moto ovyo ndani ya hifadhi ni kosa la jinai. Lakini kampuni niliyokuwa nikipanda nayo ilinifuta, na kwa karibu miezi sita hakuna safari iliyonichukua. Nililima mahindi ya watu. Wenzangu wawili tuliokula nao ule ugali hawakuandikwa popote, na mmoja ameniomba radhi mwaka juzi tu, msibani.

Nilikuwa na hasira, sikatai. Bibi yangu alikata kuni maisha yake yote kwenye Nusu Maili, ule ukanda wa msitu uliotengwa mwaka 1941 pembezoni mwa vihamba, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani, ili Wachaga wapate kuni na majani ya ng'ombe bila kuingia msitu mkuu. Kwake kuni ilikuwa haki kama maji. Mwaka 2005 msitu wote wa juu ukaingizwa kwenye hifadhi ya taifa, masharti yakakaza. Kwa hiyo mimi kijana nilipoandikwa jina kwa vijiti vitatu vya erika, nilijiona nimeonewa na watu wanaolala kwenye blanketi. Hasira hiyo ilikuwa na haki kidogo ndani yake. Ila haikuwa na jibu kwa ule moshi uliotoka hatua mbili pembeni.

Nikarudi mlimani, nikapanda cheo hadi jikoni. Nitapita haraka hapo maana ni vitunguu na karoti tu.

Oktoba 2020 nilikuwa nyumbani. Korona ilikuwa imeua kazi, wageni wachache mno. Jumapili tarehe 11 mchana tukaona moshi. Usiku ukawa mstari mwekundu umelala begani mwa mlima, na Moshi mjini watu walitoka nje wakisimama barabarani wanapiga picha. Habari zikaja kwamba umeanzia Whona, sehemu ya kupumzikia kati ya Mandara na Horombo. Taarifa za awali za hifadhi zikasema ni wagumu waliokuwa wakipasha chakula. Nilipolisikia hilo nilikuwa nakunywa chai, nikaiweka chini. Mke wangu akaniuliza, "Vipi?" Nikamwambia naenda.

Walipanda watu wapatao 500: askari wa hifadhi, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, wanavijiji, wagumu, waongozaji, wapishi kama mimi. Mapanga, majembe, madumu, matawi mabichi. Kuna vitu unavijua tu ukiwa mbele ya moto. Tawi la erika halipigi moto, linaubeba. Tulibeba matawi ya miti mingine kutoka msituni chini. Mtu mwenye nguvu sana hachukui muda kuanguka, kwa sababu hewa ya kule ni nyembamba na anavuta moshi badala ya hewa. Wazee waliopiga polepole ndio waliodumu. Na maji ni kichekesho. Dumu la lita 20 unalibeba saa nzima, likimwagwa linapotea kabla hujavuta pumzi. Kazi ya kweli ilikuwa kufyeka na kuchimba mkanda mtupu mbele ya moto, kisha kukaa kuulinda usiku kucha na baridi yake.

Tulipokuwa tukidhani tumeumaliza upande mmoja, upepo wa mchana ulikuja na kuamsha nyuma yetu, palepale tulipopita jana tukipongezana. Vijana walichanganyikiwa. Walidhani kuna mtu anawasha. Nikachuchumaa, nikaweka mkono. Nikawaonyesha. Kwa siku zilizobaki kikundi chetu kilitembea kimeinama kama watu wanaotafuta sindano, kila mtu na kiganja chake. Niliungua vidole viwili, alama ipo.

Kitu kilichonikaa zaidi ni kimya cha baadaye. Ukanda wa erika ukiwa mzima, asubuhi ya ukungu unatembea chini yake na mvua inakunyeshea wakati juu hakuna wingu la mvua. Matawi yanachuja ukungu, maji yanadondoka tone tone siku nzima. Palipoungua ukungu unapita tu, haushikwi na kitu, unakwenda zake. Mtafiti Andreas Hemp, aliyechunguza mimea ya mlima huu kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2005 kwamba moto unaoteketeza misitu ile ya juu unatupotezea maji mengi kuliko barafu inayoyeyuka kileleni. Dunia nzima inaililia barafu, na kweli inapendeza kwenye picha. Lakini mfongo, mfereji wa maji unaopita nyuma ya nyumba ya marehemu bibi, ule uliomwagilia migomba yake, unaanzia huko kwenye miti ya ndevu. Laiti ningelijua hilo mwaka 2006, nadhani ningeula ule ugali wa baridi. Au pengine nisingeula, nilikuwa na njaa sana.

Mwaka 2022 ukawaka tena, Ijumaa jioni tarehe 21 Oktoba, karibu na kambi ya Karanga. Oktoba tena. Mvua za vuli zikikaribia lakini hazijafika, hapo ndipo mlima unakuwa kiberiti.

Tangu wakati huo nimekuwa mpishi msumbufu. Sipandi bila mtungi wa tatu. Nimeshagombana na wenye safari wawili kwa sababu hiyo, na mmoja hakuniita tena. Hesabu yangu ninaitoa palepale getini, kwa sauti. Horombo iko mita 3,720 na maji yanachemka huko yakiwa nyuzi 87 au 88 hivi. Ukisogea kambi ya Kibo, mita 4,720, yanachemka kwenye 84 au 85. Yanatoa povu, yanakudanganya, lakini maharage hayaivi. Mtu wa ofisini anapima gesi kwa jiko la nyumbani Moshi, ambako makande yanaiva kwa muda wa saa mbili. Mlimani makande hayo hayo yatamaliza mtungi na bado utayatafuna kama kokoto. Kwa hiyo chakula cha wagumu kinaiva nyumbani kwangu kabla ya safari, nabeba maharage yaliyochemshwa yakakaushwa maji, na sufuria la presha halitoki kwenye mzigo wangu hata mtu aniambie ni zito. Ninachobakiza huko juu ni kupasha na kusonga ugali.

Jambo la pili ni chupa za chai, zile kubwa za lita tatu. Asubuhi kabla hatujang'oa hema najaza uji wa ulezi wenye sukari ya kutosha na tangawizi. Chupa mbili kwa wagumu, moja kwa waongozaji. Saa sita, pale watu wanapopumzikia, uji bado unaunguza ulimi. Sijawahi kuona mtu mwenye kikombe cha uji wa moto mkononi akihangaika kuokota vijiti. Wavutaji nao nimewapa kopo la maziwa lenye mchanga chini. Unavuta kambini, umekaa, kichungi kinaingia kwenye kopo. Anayevuta anatembea njiani hapandi na mimi tena, hata awe shemeji yangu. Na shemeji yangu anavuta.

Wageni nao wana yao. Karibu kila safari kuna mmoja atauliza usiku wa kwanza, "Tutawasha moto saa ngapi tukae kuuzunguka?" Ameona kwenye picha za mbugani. Namweleza kwamba hapa kuni ni marufuku mwaka mzima. Wengi wanaelewa, wachache wananuna. Mama mmoja kutoka Colorado, Marekani, alicheka akasema kwao ndiyo maisha ya kila kiangazi. Misitu ya serikali huko wanatangaza masharti kwa hatua. Hatua ya kwanza, moto wa kuni unaruhusiwa kwenye mashimo yaliyojengwa maalumu kambini tu. Hali ikizidi kukauka, hatua ya pili: hakuna kuni popote, hata kwenye hayo mashimo, ila jiko la gesi lenye kitasa cha kuzimia linaruhusiwa. Aliulizia kitasa cha jiko langu, akakizungusha, mwali ukafa, akauwasha tena. "Tofauti yote ni hiki," akasema. Tukabaki tunaangalia ule mwali wa bluu kama watu wanaoota moto kweli.

Ila nilimwambia jambo ambalo pengine kwao si tatizo. Yeye anapokatazwa moto msituni, ana gari, ana jiko lake, ana koti la manyoya, anaweza hata kughairi akarudi nyumbani. Mgumu wangu hawezi kughairi. Ukimkataza moto bila kumpa gesi, hema kavu na kitu cha moto tumboni, umemwambia tu ajifiche vizuri zaidi. Atakwenda nyuma ya jiwe, kama nilivyokwenda mimi, na moto wa kujificha ndio unaozimwa kwa haraka na vibaya. Mama yule hakucheka tena. Siku ya mwisho aliwaachia vijana makoti mawili, na hakuwataka wapige naye picha.

Bango la marufuku liko getini, limeandikwa vizuri, sina ugomvi nalo. Siku ningekuwa na mamlaka ningeongeza mzani mmoja tu: askari anayepima mizigo ahesabu na gesi, watu wangapi, siku ngapi, mitungi mingapi, na safari isiyotosha isipande.

Oktoba iliyopita nilipanda na dogo mpya, mtoto wa jirani, safari yake ya kwanza. Kuanzia Mandara alikuwa analalamikia mzigo. "Fundi, hizi chupa zote za nini? Zinanivunja mgongo." Sikumjibu. Tulipita palipoungua, ile miti iliyokufa bado imesimama, imepauka kama mifupa, chini yake vichaka vipya vinafika kiunoni. Ukungu ulikuwa unapita juu yetu bila kudondosha hata tone. Tulipotua mizigo kupumzika, nilimwona dogo anazunguka, anainama, anarudi na kumbatio la vijiti vikavu kabisa. Hakuwa na nia mbaya. Kwao kijijini ukipumzika kwenye baridi unakoka.

Nikafungua chupa, nikammiminia kikombe mpaka ukingoni. Alikitazama, akatazama vijiti, mikono imejaa, hana pa kukishikia. Mwishowe akaviachia vikaanguka miguuni, akachukua kikombe. Alipokuwa anapuliza uji nilivitawanya kwa buti, kimoja kimoja, huku tukiongea habari za mpira.